Mwalimu Aliyesahihisha kwa Penseli

Nianze na penseli, maana ndiyo iliyonikera kwanza.

Walimu wote ninaowajua wanasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi anafungua daftari, anaona wekundu, anajua mkubwa amepita hapa. Yeye, Mwalimu wa Mkondo B, alisahihisha kwa penseli ya kawaida, ile ya watoto wa chekechea, kaichonga kwa wembe mpaka ncha inatisha. Wiki yake ya kwanza nikadhani amepungukiwa, nikamsogezea kalamu yangu nyekundu mezani. Akacheka. "Ahsante, mwalimu, kalamu ninazo. Ila maoni yangu lazima yafutike. Mtoto akiona nimekosea, achukue ufutio anifute." Nikamtazama nikisubiri aseme anatania. Hakuwa anatania, na kuanzia siku hiyo sikumpenda.

Nasema wazi: nilimwonea wivu. Miaka mingi nilitumia maneno mengine. Nilisema hafuati utaratibu, nilisema anajipendekeza kwa wanafunzi, nilisema anatafuta kiki. Yote hayo yalikuwa wivu uliovaa baibui. Mimi nilikuwa mkuu wa idara ya Fasihi ya Kiingereza katika sekondari yetu ya Mchafukoge. Nilikuwepo pale kabla yake, nilifundisha mkondo A, na mtihani ukija wangu walifaulu kama wake, mwaka mwingine kuwashinda. Lakini hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kubaki darasani baada ya kengele kwa hiari yake. Wa kwake walikuwa wanafukuzwa na mlinzi.

Darasa lake lilikuwa ghorofa ya juu kabisa, upande wa barabara. Sote tulilikimbia darasa lile kwa makelele. Chini ni maduka, ni machinga na vipaza sauti vyao vilivyorekodiwa, vinarudia maneno yaleyale toka asubuhi hadi jioni, ni bodaboda, ni mikokoteni na makuli wanaopiga kelele watu wapishe. Nilipopangiwa mimi, niliandika barua nihamishwe. Yeye aliliomba. Alisema vitabu vyake vinataka kusomwa madirisha yakiwa wazi.

Vitabu vyenyewe sasa! Alikuja na sanduku la bati, kama la mwanafunzi wa bweni, limejaa maandishi ya Waamerika wa kale: mahubiri ya walowezi wao wa kwanza, shajara, insha za wanafalsafa wao, simulizi za watumwa waliojifunza kusoma kwa kujificha. Vingine ni karatasi za kutoa kopi, vingine vitabu vilivyotafunwa na mende, alivyookota kwa wauza vitabu vya mtumba wa barabarani. Kwenye mtaala wetu havimo. Nikamwuliza, kama mkuu wa idara, hivi vinahusiana nini na mtoto wa Kariakoo? Akanijibu, "Sijui bado. Ngoja niwaulize wao."

Jamani! Mwalimu mzima anasema hajui, tena hata aibu hana.

Na kweli aliwauliza. Somo letu linafundishwa kwa Kiingereza, ndiyo sheria, naye alikizungumza Kiingereza kilichonyooka. Lakini akitaka jibu la kweli aligeukia Kiswahili: "Wewe unaonaje? Achana na mimi, achana na kitabu. Wewe." Nikipita koridoni nasikia maneno hayo mara kumi kwa siku. Halafu kimya. Halafu mtoto anaanza kusema, anababaika, anarudia, na hakuna anayemcheka.

Siku moja nilisimama nje ya mlango wake, na niseme ukweli, nilikuwa nachungulia. Wiki ile picha ya binti mmoja wa shule ilikuwa imesambazwa kwenye makundi ya simu, kila mtu kasema lake. Mwalimu wa B hakumtaja binti. Aliwasomea habari za wale walowezi, jinsi walivyokuwa wakimsimamisha mkosaji mbele ya watu wote, kijiji kizima kimtazame mpaka kitosheke. Akafunga kitabu, akauliza, "Hawa waliokuwa wanatazama, walikuwa wanajisikiaje?" Hakuuliza habari za aliyesimamishwa. Aliuliza habari za watazamaji. Kijana mmoja wa nyuma, mkubwa wa mwili, baba yake anauza vipuri vya magari, akasema polepole, "Walijisikia wasafi, Madamu." Halafu akatoa simu mfukoni, na simu zilikuwa marufuku, akafuta kitu mbele ya wenzake. Wengine nao wakaanza kutoa zao. Mwalimu wa B akageuka akafuta ubao ambao haukuwa na kitu, ili asizione. Mimi ningezinyang'anya zote. Nilirudi ofisini na hasira ya mtu aliyeibiwa, na sikuweza kusema nimeibiwa nini.

Wala hakuwa akiwasujudia hao Waamerika wake. Aliwaambia wanafunzi waziwazi kwamba baadhi ya walioandika vizuri juu ya uhuru walikuwa wanamiliki watu nyumbani kwao. Binti mmoja akachukia. "Sasa Madamu, tuwaamini vipi watu kama hawa?" Akamjibu, "Nani kakwambia uwaamini? Wasome. Ukishawasoma, jisome na wewe. Dada wa kazi wa kwenu anakula wapi?" Wiki iliyofuata mama wa binti yule alipanda ngazi zetu anahema. Mtoto amegoma kula mpaka dada wa kazi akae mezani, nyumba imekuwa haikaliki, na huyo mwalimu ni nani hasa? Alielekezwa kwangu. Nilimkaribisha kiti, nikamsikiliza kwa raha kubwa, nikaandika kila neno.

Mtu asidhani alikuwa malaika. Aliwafundisha watoto kuishi na vitu vichache, na yeye mwenyewe sijawahi kuona amerudia khanga wiki mbili, na harufu ya udi wake ilikuwa inafika ngazini kabla yake. Aliwasifia upweke, lakini hakukosa shughuli ya mtu hata moja: harusi yumo, arobaini yumo, kumfunda mwali Magomeni yumo, tena mbele. Aliwahubiria kujitegemea, naye hakuweza kuvuka barabara ya Msimbazi bila kushika mkono wa mtu, yeyote aliye karibu, hata asiyemjua. Na huyohuyo aliyewaambia waweke simu chini, saa ya chai alikaa kona ya ofisi ya walimu na spika za masikioni, anatazama tamthilia za Kituruki na kulia machozi ya kweli. Nikamchokoza siku moja mbele ya wenzetu, "Mwalimu, Waamerika wako wangesemaje wakikuona?" Akavuta kamasi. "Wangesema nizime. Ngoja kwanza huyu dada aachane na huyu mwanaume." Ofisi nzima ikacheka pamoja naye. Mimi nilitaka imcheke yeye.

Kwa umri alinizidi si chini ya miaka kumi, kwa hiyo shikamoo ilikuwa haki yake. Mwaka wa pili nikaanza kumnyima. Asubuhi naingia, "Habari za asubuhi, mwalimu," kavu, kama namsalimia karani wa dirishani. Mtu aliyekulia huku akinyimwa shikamoo anajua kanyimwa, hahitaji kuambiwa. Yeye akaitikia, "Nzuri, mama, za nyumbani?" kila siku ya Mungu, sauti ileile, tabasamu lilelile. Kumchokoza mtu akakataa kuchokozeka, hakuna kitu kinachochosha kama hicho.

Lakini haya yote ningeyameza. Kilichonishinda ni Rukia.

Rukia ni binti yangu, wa pekee. Alipoingia Kidato cha Tano shuleni kwetu nilisema mwenyewe mbele ya mkuu wa shule kwamba si vizuri mtoto afundishwe na mama yake, apelekwe B. Nilijiona muungwana. Mwezi haukuisha, mezani kwangu hakukuwa na jina jingine. Madamu anasema hivi, Madamu kauliza vile. Mtoto aliyekuwa ananijibu "poa" na "sijui" sasa anaeleza falsafa huku wali unapoa, mikono inaenda hewani. Baba yake anafurahi. "Mama Rukia, huyu mwalimu mlimtoa wapi?" Nikamwambia, "Kula, mume wangu."

Wanafunzi wa B walikuwa na daftari maalumu. Kila wiki ukurasa mmoja: kitu ulichosoma, kitu ulichokiona kwa macho yako kati ya nyumbani na shule, na wewe unaonaje. Nilisoma la Rukia akiwa anaoga. Ndiyo, nililisoma, sina pa kujificha. Wiki ile walikuwa wamesoma insha ya kale kuhusu watu wanaoishi kwa mawazo ya kuazima. Mwanangu akaandika: "Mama yangu ni mwalimu, anauliza maswali kutwa nzima. Mimi hajawahi kuniuliza swali ambalo hana jibu lake tayari." Pembeni, kwa penseli, palikuwa na mstari mmoja: "Na wewe umewahi kumwuliza yeye?"

Leo naona alikuwa anamrudisha mtoto kwangu. Siku ile sikuona hivyo. Niliona mtu kaingia jikoni kwangu na viatu. Nikalirudisha daftari lilipokuwa. Sikumwuliza Rukia chochote, na yeye hakuniuliza.

Sasa ile kazi ya saa nzima. Katika sanduku lile kulikuwa na habari za mtu aliyeondoka mjini akaenda kuishi peke yake porini, apate kujua anahitaji nini kweli na nini ameambiwa tu kwamba anahitaji. Darasa likacheka. "Madamu, hapa pori liko wapi?" Akaenda dirishani akaonyesha chini. Akawapa kazi: kila mmoja akae Kariakoo saa nzima, asinunue, asiuze, asiwe na simu. Atazame tu, halafu aandike.

Asiye mwenyeji hawezi kuona ugumu wake. Kariakoo hakuna mtu anayekaa. Unauza, unanunua, unabeba, unapita, au unaiba. Rukia, pamoja na akili zake zote, akachagua baraza iliyo mkabala na duka la vitenge la jumla, akakaa, macho kwenye duka. Dakika ya arobaini vijana wa dukani wakamzunguka. Hebu fikiria na wewe: binti hana mzigo, hana simu, haulizi bei, na mkononi ana daftari alilojaza nani kaingia, nani katoka, na mlango wa stoo unafunguliwa saa ngapi. Nani angeamini kwamba hiyo ni fasihi? Wakamwingiza ndani, wakamwambia ataje namba ya mzazi kabla hawajaita polisi. Akataja namba kwa kichwa, bila kusita. Ilikuwa namba ya Mwalimu wa B.

Si yangu. Mimi nilikuja kuambiwa na mlinzi wa shule. Nilikimbia kutoka Mchafukoge mpaka pale, ushungi umeteleza, watu wananipisha wakidhani nimeibiwa mkoba. Kufika, nakuta watu watatu kwenye viti vifupi katikati ya majora ya vitenge: mzee mwenye duka, babu zake walitoka Uarabuni, kofia yake ya kushonwa kwa mkono kichwani, Mwalimu wa B, na mwanangu katikati yao. Wanakunywa kahawa na kashata. Mzee anacheka mpaka anafuta macho. "Mimi nimezaliwa juu ya duka hili, wallahi sijawahi kulitazama saa nzima! Huyu binti anasema kila anayeingia anajigonga bega kwenye mlango wangu. Nimekaa nimetazama, kweli wanajigonga!" Rukia anacheka naye, kicheko ambacho nyumbani nilikuwa nimeanza kukisahau. Mwalimu wa B akavuta kiti. "Karibu kahawa, Mama Rukia. Binti yako ametufungua macho." Binti yako, akasema, kana kwamba ananikumbusha. Sikukaa. Nikamshika Rukia mkono nikatoka naye.

Njiani nikamwuliza, "Kwa nini hukutaja namba yangu?"

"Siijui kwa kichwa, mama. Iko kwenye simu."

"Na yake unaijua?"

Akanyamaza. Alikuwa ameogopa sauti yangu tu, lakini mimi nilichukua kimya kile kama jibu.

Jioni ileile nikaenda kwenye steshenari moja Magomeni, mbali na shule, nikachapa barua kwa mkuu wa shule. Sikuweka jina. Nilisema mwalimu huyu anaweka wanafunzi hatarini. Nilisema ameacha mtaala, na kwamba anawafundisha watoto kuwadharau wazazi kwa mawazo ya kigeni, nikamweka humo na yule mama wa kisa cha dada wa kazi. Nilisema mwanafunzi nusura apelekwe polisi, na mwalimu amekaa anakunywa kahawa na kashata na mfanyabiashara, wanacheka. Kila sentensi ilikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Nilipotoka pale nilijisikia msafi.

Haikuchukua muda. Aliitwa, akaambiwa aandike maelezo, akaandika. Muhula haujaisha uhamisho ukatoka, shule moja huko Chanika. Siku ya mwisho alipita darasani kwake akampa kila mwanafunzi penseli mpya, kisha akaja ofisini akatugawia na sisi. Yangu aliiweka juu ya azimio langu la kazi, akaenda zake. Niliitupa kwenye droo, na nilipohama ofisi nikaibeba nyumbani, sijui kwa nini.

Rukia alilia siku tatu. "Nani ana roho hiyo, mama?" Nikamjibu, "Walimwengu, mwanangu." Siku ya nne, ametulia, tunapika, akasema kama jambo la kawaida kwamba kabla ya kazi ile Madamu aliwafanya wote wakariri namba yake, akawasikiliza mmoja mmoja mpaka darasa likaisha, kwa sababu watakuwa hawana simu. Nilikuwa nakata vitunguu. Niliendelea kukata.

Mkondo B nikapewa mimi, hapakuwa na mwingine. Na nilikuwa nautaka, msidhani sikuutaka. Nilifungua madirisha kama yeye. Nikasoma nao ukurasa, nikaweka kitabu mezani, nikasema kwa Kiswahili, "Wewe unaonaje?" Kipaza sauti cha chini kinatangaza soksi. Yule kijana wa vipuri akasimama kwa heshima zote. "Kama ilivyo kwenye noti, Madamu." Wenzake wakainama kuandika. Rukia naye aliinama.

Miaka imepita. Rukia amemaliza chuo, na sasa yeye mwenyewe ni mwalimu, na kila mtu ananipongeza eti kamrithi mama. Mimi najua kamrithi nani. Miezi michache iliyopita akatolewa posa. Nikaingia Kariakoo kutafuta vitenge vya sare, nikazunguka maduka yote isipokuwa lile. Rangi niliyoitaka, kila ninapouliza, naelekezwa kulekule.

Mkabala na duka, kwenye baraza ileile, kulikuwa na stuli mbili. Kwenye moja amekaa yule mzee, amezeeka kweli sasa. Kwenye nyingine amekaa yeye. Khanga mpya, udi uleule. Hawaongei, wanatazama duka. Kijana wa dukani akaniambia, "Kila Jumamosi, mama, saa nzima. Hata ukimwita mzee hapo hageuki." Ningeweza kuchukua vitenge vyangu nikaondoka. Miguu ikanipeleka mpaka mbele yake.

"Shikamoo, mwalimu."

Akaniangalia. "Marahaba, Mama Rukia. Marahaba na zile zote za nyuma."

Kumbe alikuwa anazihesabu! Nikacheka bila kutaka. Mzee akainuka, akaniachia stuli yake, akavuka kwenda dukani.

"Nasikia Rukia anaolewa," akasema.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwake mwenyewe. Huwa ananipigia."

"Tangu lini?"

"Hajawahi kuacha."

Wallahi, mbele ya umati ule wote niliumia kama siku ile ya kahawa. Mtu mzima mimi, nywele zimeingia mvi, binti anaolewa, na bado. Nikasema haraka kabla sijakimbia, "Mwalimu, kuna jambo nataka kukwambia."

"Najua." Akafungua mkoba akatoa bahasha ya kaki. "Tangu Rukia aniambie habari za posa natembea nayo. Nilijua vitenge vitakuleta."

Ilikuwa barua yangu. Mkuu wa shule alimpa nakala ili aandike maelezo. Pembeni, juu, chini, kila mahali palikuwa na penseli.

"Ulijuaje?" nikamwuliza.

"Siku ile dukani tulikuwa wanne. Watatu tulikula kashata. Huyu aliyeziandika kwa uchungu hivi ni yule ambaye hakula."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Rukia?" Akanigeukia. "Angebaki na mama gani?"

Mtu mwingine hapo angeshukuru. Mimi kilichonijia kwanza, kabla ya shukrani, kabla hata ya aibu, ni wivu. Miaka yote ile nilidhani namlinda mwanangu asichukuliwe, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anamlinda, tena anamlinda dhidi yangu. Hata kunisitiri alinishinda. Nadhani aliuona usoni kwangu, maana akanipiga kidogo gotini.

"Usinifanye walii, mama. Siku ile ningeweza kukwambia palepale kwamba wote wamekariri namba. Nilikuona umeumia, nikanyamaza. Nilipenda kidogo kwamba nimetajwa mimi."

Kisha saa yake ikaisha, akaniomba nimvushe barabara. Akanishika mkono kwa nguvu kama mtoto, tukavuka.

Barua niliisoma nyumbani, nimejifungia chumbani. Pale niliposema anaweka wanafunzi hatarini, aliandika: "Kweli. Nilipaswa kuwatuma wawiliwawili." Kwenye mtaala: "Kweli." Kwenye kuwadharau wazazi: "Mfano?" Penye kahawa na kashata alipiga mstari chini ya sentensi nzima: "Barua inaanzia hapa. Haya ya juu yote toa." Na chini kabisa, mahali ambapo jina lilitakiwa kuwepo: "Hoja za kuazima, uchungu wako mwenyewe. Andika upya. Safari hii weka jina."

Ufutio ninao ndani, na penseli inafutika, alisema mwenyewe. Nilikaa na ufutio ule mkononi jioni mbili. Ya tatu nikachukua karatasi. Mara ya kwanza nilianza na mtaala, nikachana. Mara ya pili nilianza na usalama wa wanafunzi, nikachana. Mara ya tatu nikaanza na penseli, nikaandika mpaka hapa, nikaweka jina langu lote, la kwangu na la baba.

Haya machache nayaongeza leo. Jana baada ya chakula nilimpa Rukia karatasi hizi, na kabla hajaanza nikamwuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Ukimaliza, utaniambia unaonaje?" Alisomea palepale mezani. Nilimwona amefika kwenye steshenari ya Magomeni, kwa jinsi mkono wake ulivyosimama. Mimi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Alipofika kwenye jina hakuinua uso. Akarudi ukurasa wa kwanza.

"Mama," akasema, na sauti haikuwa ya hasira wala ya msamaha, "ile penseli aliyokupa Madamu unayo bado?"

Ilikuwa ndani ya droo, haijachongwa hata mara moja. Nikaichonga kwa wembe, nikampa.